Kodi ya nyumba haingoji moyo upoe

Neno mwanafunzi limebeba ndani yake neno mwana. Wanaisimu watasema, na watasema kweli, kwamba mwana huyo si mtoto wa kuzaliwa. Ni mwana yule yule tunayemkuta katika mwanasheria, mwanajeshi na mwanasiasa, yaani mtu wa kundi au wa kazi fulani. Hata hivyo, yaelekea vyuo vyetu, serikali yetu na jamii kwa jumla vimelishika neno hili kwa maana yake ya utotoni. Fomu ya kujiunga na chuo huuliza jina la mzazi au mlezi. Mpango wa mkopo hupima uwezo wa jamaa ya mwombaji. Tunapomfikiria mwanafunzi, tunamfikiria kijana ambaye ana nyumba ya baba na mama anakorudi muhula ukiisha, na ambaye akikwama atapiga simu nyumbani.

Lakini tazama walio madarasani leo. Yumo mwalimu wa shule ya msingi anayetafuta shahada wakati wa likizo. Yumo karani anayefika darasani saa kumi na mbili jioni akiwa bado amevaa tai ya kazini. Wamo muuguzi, askari polisi, na mama wa watoto wawili aliyekatiza masomo miaka kumi iliyopita kwa sababu ya uzazi. Hawa hawana nyumba ya kurudi isipokuwa ile wanayoilipia kodi. Tena, wengi wao hawailipii peke yao. Wanailipia pamoja na mume, au mke, au mwenzi ambaye wanaishi naye bila ya harusi wala cheti.

Makala haya yanahusu siku ambayo mwenzi huyo anafungasha vyombo vyake na kuondoka.

Juu ya mapenzi yanayovunjika, washairi wetu wametunga na waimbaji wetu wameimba. Juu ya tarehe tano ya mwezi unaofuata, msimamizi wa ploti anapobisha mlango kuuliza kodi, sijaona mengi yaliyoandikwa. Tumelichukulia jambo hili kuwa aibu ya faragha ambayo kila mtu aimeze mwenyewe. Mimi nadai kwamba si la faragha. Wawili wanaopanga nyumba wanapoachana, mzigo mzima humwangukia mmoja kwa siku moja, na ikiwa huyo mmoja ni mwanafunzi, kitu cha kwanza kuuzwa ili kodi ipatikane ni masomo yake. Hivyo basi, sharti kuwe na kipindi cha mpito kinachojulikana na kuheshimiwa na wote wanaohusika: waliokuwa wapenzi, mwenye nyumba, na chuo. Kwa mwanafunzi, kipindi hicho kisipungue muhula mmoja.

Kwanza tuitazame lugha kidogo, kwani inatufunza. Tunasema watu wawili wameachana. Kiambishi hicho -an- ni cha kauli ya kutendana, na huwahitaji watendaji wawili: huyu amemwacha yule, na yule amemwacha huyu. Hapo hesabu ni sawa. Lakini daftari la mwenye nyumba halijui kauli ya kutendana. Lina jina moja, na kitenzi chake ni kimoja: anadaiwa. Vivyo hivyo, kupanga kuna maana mbili zilizo jirani: kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi, na kuyaweka mambo kwa utaratibu. Wengi wetu tumepanga nyumba kwa maana ya kwanza bila ya kupanga lolote kwa maana ya pili. Tunaingia, tunagawana kodi kwa mazoea, na hatuulizani nini kitatokea mmoja akitoka.

Sasa tupige hesabu, maana jambo hili ni la hesabu kabla ya kuwa la huzuni. Tuseme wawili wamepanga nyumba ya Sh14,000 kwa mwezi, na kila mmoja hutoa Sh7,000. Mmoja anaondoka. Anayebaki sasa anatakiwa kulipa Sh14,000. Jirani atamshauri haraka: hamia nyumba ya bei nafuu. Ushauri huu una busara, lakini tuutie kwenye mizani. Nyumba ya Sh8,000 humtaka mpangaji mpya atoe kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, na hizo ni Sh16,000. Ongeza Sh3,000 za gari la kubebea vyombo, jumla inakuwa Sh19,000. Mwezi huu, basi, nyumba ya nafuu inamgharimu Sh5,000 zaidi ya ile ya ghali. Nafuu yenyewe ya Sh6,000 kila mwezi itaanza kuonekana mwezi wa pili. Mwenye Sh19,000 mkononi leo ataokoka. Asiye nazo atabaki katika nyumba ya Sh14,000, atalipa mwezi mmoja, atachelewesha wa pili, na wa tatu utamkuta na deni. Ndiyo maana nasema umaskini ni ghali.

Wengine watauliza, je, amana ya nyumba ya kwanza iko wapi? Mara nyingi risiti yake ina jina la yule aliyeondoka. Na hata ikiwa na jina la aliyebaki, akitoka bila ya kutoa notisi inayotakiwa, mwenye nyumba huizuilia. Kwa nyumba inayolipiwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi isiyopungua muda wa mwezi mmoja, nayo imalizikie siku ya kulipa kodi. Kwa hivyo mwezi wa notisi ni mwezi wa kulipa kodi nzima, hali mwenzako ameshaondoka na nusu yake.

Labda mtu atafikiri kwamba mwenye mshahara hana shida hii. Natutazame hati ya mshahara ya mwalimu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara wa mfanyakazi. Sheria hiyo ni ngao, lakini pia inatuonyesha jinsi mtu anavyoweza kubanwa hadi mwisho wa kamba. Mwalimu aliyechukua mkopo wa Sacco ili alipe karo yake anaweza kufikia mpaka huo. Akiwa na mshahara wa Sh36,000, atabaki na Sh12,000. Walipokuwa wawili, alitoa Sh7,000 za kodi na kubakiwa na Sh5,000 za unga, mafuta na nauli. Akiwa peke yake, kodi ya Sh14,000 inazidi kila kilichomo mfukoni mwake kwa Sh2,000 kabla hajala. Hawezi kuongeza mkopo, maana hati yake ya mshahara imejaa. Kilichosalia ni mikopo ya simu, ile inayopatikana kwa dakika mbili na kudaiwa kwa vishindo.

Ndipo masomo yanapoanza kumegwa, na humegwa kwa utaratibu unaotabirika. Kwanza huondoka nauli: mtu anahudhuria siku mbili badala ya nne. Kisha huondoka vitabu na gharama za kunakili. Kisha anahamia mbali na mji, kule kodi ilikoshuka, na sasa darasa linalokwisha saa mbili usiku limekuwa hatari, maana matatu ya mwisho haimngojei mtu. Mwisho, karo ya awamu ya pili haipatikani, na katika vyuo vingi asiyekamilisha karo haingii chumba cha mtihani. Sisi wahadhiri tunaona tu kiti kitupu. Tunaandika alama ya kutokuwapo, na wengine wetu tunasema moyoni kwamba watu wazima hawana bidii. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Haikuwa hivi daima. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ilipoanzishwa mwaka 1974, chuo kikuu kilikuwa kimoja, Nairobi, na mwanafunzi alipata bweni na chakula. Baadaye vilikuja Moi mwaka 1984, Kenyatta 1985 na Egerton 1987, na idadi ya wanafunzi ikaongezeka kuliko vitanda. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea kwa wingi wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Hapo ndipo mtu mzima alipofunguliwa mlango wa darasa. Ulikuwa uamuzi mwema, na walimu wengi wanaosoma gazeti hili wana shahada kwa sababu yake. Lakini mlango wa bweni haukufunguliwa pamoja na ule wa darasa. Ilichukuliwa kwamba mtu mzima ana kwake. Mitaa kama vile Kahawa Wendani, Juja na Njokerio ilijaa vyumba vya kupangisha, na ikawa kodi ya nyumba ni karo ya pili ambayo haiandikwi katika barua yoyote ya kumkubali mwanafunzi.

Hata mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, ambao umebishaniwa sana mahakamani, ulijengwa juu ya msingi ule ule wa kupima uwezo wa jamaa alikotoka mwanafunzi. Jamaa ya mtu wa miaka thelathini na minane ni ipi? Ni wazazi wake walio kijijini, ambao yeye ndiye anayewatumia pesa za dawa? Au ni yule mwenzi aliyeondoka juzi?

Sheria nazo zinasemaje? Zinasema mengi kwa waliofunga ndoa, na machache mno kwa wengine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa na wakati wa kuivunja. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inaihesabu nyumba ya kupanga kuwa makao ya wanandoa, mradi wanaishi humo kama jamaa, hata kama jina la mpangaji ni la mmoja. Inaendelea kusema kwamba, ndoa ikiwa bado ipo, mmoja hawezi kumfukuza mwenzake humo bila ya amri ya mahakama. Haya ni mambo ambayo kila mwalimu angefaa kuyajua, maana vitisho vya usiku vya kumtupia mtu virago nje havina nguvu za kisheria.

Lakini wapo wengi wanaoishi kinyumba bila ya ndoa yoyote kati ya zile tano zinazotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Sheria hiyo inafasili kuishi pamoja bila ya ndoa, kisha haielezi wanadaiana nini siku wanapoachana. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioishi pamoja na kugombania mali. Ilikataa kudhania kwamba kulikuwa na ndoa, ikaeleza kuwa dhana hiyo itumike kwa nadra, na ikagawa mali yenyewe kwa asilimia 70 kwa 30 kwa kuzingatia mchango wa kila mmoja. Mahakama ilipendekeza pia Bunge litunge sheria kuhusu haki na wajibu wa watu wanaoishi pamoja hivyo kwa muda mrefu. Pendekezo hilo ni zuri. Hata hivyo, kesi hiyo ilihusu mali. Wapangaji hawana kiwanja wala jengo la kugawana. Wanachogawana ni deni, na deni ni rahisi kuliacha nyuma kuliko kiwanja.

Hapa nawaomba wasomaji tuitazame pwani yetu. Sheria ya Kiislamu, ambayo mahakama za Kadhi huitumia baina ya Waislamu, ina kipindi kiitwacho eda. Mwanamke aliyepewa talaka rejea hatolewi nyumbani siku hiyo hiyo. Ana haki ya makao na masurufu hadi eda yake iishe. Eda ina shabaha zake za kidini na za nasaba ambazo si mahali pangu kuzifasiri. Ninachokiona kama mtu wa lugha ni kwamba Waswahili wana neno kwa ajili ya muda ulio baina ya kuachana na kuwa peke yako, na kwamba muda huo una paa juu yake. Wale walioingia katika nyumba bila ya utaratibu wowote, wawe wa dini gani, wamejinyima muda huo. Wameachana Jumamosi, na Jumatatu mmoja wao ni mpangaji wa nyumba asiyoweza kuilipia.

Kwa hivyo napendekeza tuwe na kitu kinachofanana na eda ya kodi. Sisemi iwe ibada, wala sisemi iwe ya wanawake pekee. Mwanamume naye huachwa na nyumba na deni, ila yeye huambiwa ajikaze kiume, ilhali mwanamke huambiwa arudi kwao. Majibu yote mawili hayalipi kodi, na yote mawili humtoa mtu darasani: mmoja kwa kazi za usiku, mwingine kwa safari ya kurudi mashambani.

Wa kwanza kuwajibika ni hao wawili wenyewe. Anayeondoka akumbuke kwamba alipokubali nyumba ya Sh14,000 alimfanya mwenzake aikubali pia, kwani peke yake asingeipanga. Ni uungwana, na naamini ingefaa iwe sheria, kwamba aendelee kutoa sehemu yake kwa muda uliokubaliwa: mwezi wa notisi kwa uchache, na ikiwa anayebaki yumo katikati ya muhula, basi hadi mitihani iishe. Ikiwa wana mtoto, hapo si hiari tena. Katiba na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zinawapa wazazi wote wawili wajibu ulio sawa, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga, na makao ya mtoto yamo katika wajibu huo. Mtoto hawezi kulala katika nusu ya nyumba.

Wa pili ni mwenye nyumba. Simfanyi adui. Wako wenye nyumba ambao kodi ndiyo pensheni yao, na wako wanaolipa mkopo wa benki uliojenga jengo lenyewe. Nao wana haki ya kudai, hata ya kutumia dalali mwenye leseni kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi, kwa utaratibu wa sheria. Kung'oa mlango, kuezua paa au kumfungia mtu kufuli nje ya vyombo vyake si utaratibu huo. Lakini mbali na sheria, kuna hesabu yake mwenyewe. Mpangaji aliyelipa vizuri kwa miaka miwili, na anayekuja mapema kueleza kwamba amebaki peke yake, ni afadhali kuliko chumba kitupu cha mwezi mzima. Amana aliyo nayo mwenye nyumba ingeweza kuhesabiwa kuwa kodi ya mwezi wa notisi, mradi nyumba ikaguliwe kwanza. Vilevile angeweza kumhamishia mpangaji huyo katika chumba kidogo cha ploti ile ile bila ya kudai amana mpya. Hayo hayamgharimu chochote.

Wa tatu, na ndiye ninayemlenga hasa, ni chuo kikuu. Mwanafunzi akifiwa, tuna barua. Akiugua, tuna barua. Akiachwa na nyumba asiyoimudu, tunachompa aghalabu ni fomu ya kuahirisha masomo. Huko ni kumwambia mtu aliye mtoni kwamba arudi ng'ambo alikotoka, ilhali ameshavuka nusu. Karo aliyokwisha kulipa imekaa, mkopo wake unaendelea kukatwa, na wanaoahirisha kwa sababu ya pesa si wote wanaorudi.

Chuo kinaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji sheria mpya wala jengo jipya. Kwanza, kitambue rasmi kuvunjika kwa nyumba kuwa sababu ya kugawa upya karo ya muhula mmoja, bila ya faini na bila ya kumzuia mwanafunzi kufanya mtihani. Pili, kitenge vyumba vichache vya bweni vinavyolipiwa kwa mwezi kwa ajili ya wanafunzi watu wazima waliokwama, wakiwamo wanaokuja na mtoto. Tatu, mfuko wa ustawi wa wanafunzi utoe mkopo mdogo wa amana. Turudi kwenye mfano wetu: mtu anayehamia nyumba ya Sh8,000 anaokoa Sh6,000 kila mwezi. Akikopeshwa amana ya Sh8,000, anaweza kurudisha Sh2,000 kwa mwezi, na katika miezi minne, ambayo ni muhula mmoja, mfuko umerudi ulivyokuwa na mwanafunzi amekalia mtihani wake. Ni vigumu kupata mkopo wa elimu wenye faida ya haraka kuliko huo.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba chuo si mshenga wala si baraza la wazee, na kwamba watu wazima waliochagua kuishi pamoja wabebe matunda ya uchaguzi wao. Jibu langu ni kwamba chuo hakiombwi kuamua nani alimkosea nani. Hakihitaji hata kusikia kisa chenyewe. Kinahitaji kuona mambo mawili tu: mkataba wa nyumba, na hesabu ya kipato. Chuo kikuu huzitaka hati kama hizo kila kinapotaka kulipwa. Kiwe tayari kuzisoma mwanafunzi anapotaka kusaidiwa.

Itasemwa pia kwamba watu watadanganya, wajidai wameachana ili wapate muda wa kulipa. Huenda wachache wakafanya hivyo. Lakini anayeomba kugawiwa karo yake katika awamu ndogo bado analipa karo yote, na anayekopa amana bado atairudisha. Mtu atadanganya ili apate nini hasa? Hofu ya wadanganyifu imekuwa kisingizio cha kuwanyima wakweli kwa muda mrefu mno katika ofisi zetu.

Wako nao watakaoona kwamba makala haya yanawabariki wanaoishi pamoja bila ya ndoa. Siyabariki wala siyalaani. Hata walioana kanisani, msikitini au mbele ya wazee huachana, na kodi yao huwa ile ile. Anayetaka kuwahimiza vijana waoane ana haki ya kufanya hivyo, lakini asitumie kufungiwa nyumba kuwa ndiyo mahubiri yake.

Kwenu wanafunzi wenzangu wa umri mkubwa, nina maneno machache ya kutenda. Kabla ya kulipa karo ya muhula, jiulize swali moja la hesabu: nikibaki peke yangu kesho, je, naweza kuilipia nyumba hii hadi mitihani iishe? Jibu likiwa la, basi nyumba hiyo ni ghali hata mnapopendana. Hakikisheni majina yenu wote wawili yamo katika mkataba na katika risiti ya amana, na andikeni, hata kwa karatasi ya daftari, atakayetoka atalipa nini na kwa muda gani. Si dalili ya kutoaminiana. Wanaoendesha chama cha kuchangiana huandika kila shilingi, na bado ni marafiki.

Na ikiwa msiba umeshafika, usijifiche. Mwendee mwenye nyumba kabla ya tarehe tano, si baada yake, na mwachie barua yenye tarehe. Mwendee mkuu wa kitivo wiki hiyo hiyo. Tafuta mwanafunzi mwingine wa kugawana naye nyumba, kwa ridhaa ya mwenye nyumba na kwa maandishi. Jihadhari na dawa mbili zinazouma kuliko ugonjwa wenyewe. Moja ni mkopo wa simu wa kulipia mkopo mwingine. Ya pili ni kuhamia kwa mtu mpya kwa sababu tu ana nyumba. Anayeingia katika mapenzi kwa ajili ya paa atakuwa mpangaji asiye na mkataba hata mmoja, na kodi yake hataijua kiasi chake.

Kwetu sisi walimu na wahadhiri, jukumu ni jepesi zaidi. Kiti kikibaki kitupu kwa wiki mbili, tuulize kabla ya kuandika. Hatuhitaji kuchimba siri za watu. Swali la kumuuliza mtu mzima ni fupi: unakaa wapi siku hizi? Katika jibu lake tutasikia mengi, na pengine tutajua ni ofisi gani ya kumwelekeza.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii husemwa sana katika karamu za kuwafariji watu, lakini mhunzi huyo alihitaji mambo mawili ili aendelee na kazi: koleo jingine, na kibanda ambacho hakijafungwa kufuli. Koleo atalitafuta mwenyewe. Kibanda kisifungwe kabla ya muhula kwisha, na hilo liko mikononi mwetu. Vyuo vikuu vitafungua tena milango yao muhula ujao na kuwasajili watu wazima kwa maelfu. Kila kimoja kiandike katika kanuni zake, pale zinapotajwa ugonjwa na kufiwa, neno hili la tatu: kupoteza makao.